Roki ya Kusini mwa Marekani: ingia kwa mlango wa bluzi

Nianze na onyo dogo. Usiingie kwenye huu muziki kwa kutafuta wimbo wake maarufu kuliko zote Yutubu halafu ukae unasubiri ukunogee. Mi nlifanya ivo, nikakaa kama miaka miwili naamini roki ya Kusini ni nywele ndefu, kofia za kauboi na solo isiyoisha mpaka umeme ukatike, jamaa yangu mmoja akawa anaziita nyimbo za madereva wa malori na mi sina hata cha kumjibu. Kilichonigeuza ni siku nliyosikia bluzi (muziki wa zamani wa Wamarekani weusi wa Kusini) moja ya mwaka 1928, mtu mmoja na gitaa lake basi, nikashtuka kwamba huu wimbo naujua, ndo uleule nliokuwa nausikia umepigwa na watu sita wenye maampulifaya. Toka siku hiyo nasikiliza kwa jozi, wimbo wa zamani kwanza halafu wa roki, na ndo njia ntakayokuelekeza hapa. Mwishoni kama una gitaa, hata la bei rahisi, ntakuonyesha namna ya kupata ule mlio wa kuteleza, yaani unavaa chupa au kipande cha chuma kidoleni na kukitelezesha juu ya nyuzi, maana ukiupiga mwenyewe mara moja tu masikio yanafunguka.

Vifaa: hedifoni, za waya zinatosha, na bando. Spika ndogo ya mkononi achana nayo kwa leo, hizi bendi zina magitaa mawili au matatu na kwenye rekodi nyingi moja wameliweka upande huu jingine upande ule, kwenye spika moja yote yanakuwa uji.

Jozi ya kwanza ndo muhimu kuliko zote kwaiyo hapa nitakaa kidogo. Tafuta "Statesboro Blues" ya Blind Willie McTell, rekodi ya 1928. Statesboro ni mji uko jimbo la Georgia na McTell alikuwa kipofu, anapiga gitaa la nyuzi kumi na mbili, sauti yake nyembamba na anaimba kama anakupigia stori barazani. Sikiliza mara mbili. Ukimaliza nenda kwa Taj Mahal (mwanamuziki wa Marekani, sio lile jengo la India), albamu yake ya kwanza ya 1968, wimbo huohuo ila sasa una drams na besi na juu yake kuna gitaa linalolia kwa kuteleza, anayeliliza ni Jesse Ed Davis. Halafu ya tatu, Allman Brothers Band, "At Fillmore East", konsati waliyorekodi New York Machi 1971, wimbo wa kwanza kabisa kwenye albamu. Sasa hapo gitaa halingoji mtu aimbe, linaingia lenyewe mwanzoni kabisa, limejaa, linapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayelalamika huku anacheka.

Anayepiga ni Duane Allman, na stori ya alivyojifunza imesimuliwa sana na mdogo wake Gregg. Novemba 1968 Duane anatimiza miaka 22, ameumia kiwiko kwa kuanguka na farasi, ana mafua, na kamnunia mdogo wake maana anaona yeye ndo alisababisha. Gregg akamwekea zawadi mlangoni akasepa: albamu ya Taj Mahal na chupa ya vidonge vya mafua vinaitwa Coricidin. Baada ya masaa mawili hivi anapigiwa simu aende haraka, anafika anakuta jamaa kamwaga vidonge, kabandua lebo, kavaa chupa kidoleni na anafuatisha ile albamu. Chupa ya mafua! Hiyo ndo ikawa saini yake mpaka alipokufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon tarehe 29 Oktoba 1971, hajafika hata miaka 25. Mwaka mmoja baadae mpiga besi wao, Berry Oakley, naye akafa kwa pikipiki, mjini hapohapo, mitaa michache tu kutoka pale.

Na kwa wa pwani, huyu Taj Mahal ndo huyohuyo aliyekuja kurekodi na Culture Musical Club ya Zanzibar, albamu inaitwa "Mkutano", ilitoka 2005. Yaani mtu aliyemfungulia Duane mlango wa bluzi ya kuteleza alikuja kukaa na watu wa taarab, fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi), wakapiga pamoja. Hiyo iweke akiba, usiisikilize sasa hivi utavuruga mpangilio.

Hatua inayofuata ni kuhesabu. Najua inasikika kama hesabu za shule ila bila hii utabaki kusema "nzuri nzuri" bila kujua nini kizuri. Bluzi nyingi zinazunguka kwenye baa kumi na mbili (sio za bia) na kila baa ina mapigo manne. Inakwenda hivi: baa nne unakaa nyumbani, yaani kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya kwanza, halafu mbili unaenda kwa jirani, kordi ya nne, unarudi nyumbani mbili, halafu moja unaenda mbali kidogo, kordi ya tano, moja kwa jirani, mbili za mwisho nyumbani, unaanza upya. Chukua "Call Me the Breeze" ya J.J. Cale, yule wa Oklahoma, kaipiga kimyakimya, hata ngoma zenyewe ni za mashine, hesabu kwa vidole. Ukishindwa rudia, kordi ikibadilika utaisikia tumboni kabla ya sikioni. Halafu weka ya Lynyrd Skynyrd, bendi kubwa ya roki ya Kusini, 1974, kwenye albamu ya "Second Helping". Nyumba ni ileile, vyumba vilevile, ila sasa kuna sherehe ndani: magitaa matatu na piano ya Billy Powell inayomwagika kama mtu kamwaga gololi. Ukiweza kuhesabu wakati piano inapiga makelele basi umeshahitimu.

Ukishaijua ile nyumba utaanza kusikia kitu kingine, gitaa linamjibu mwimbaji. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linajibu, anaurudia mstari, linajibu tena kwa namna nyingine, anafunga na mstari wa tatu. Ni kiongozi na waitikiaji, kitu ambacho kwetu hakuna ngoma isiyokuwa nacho, ndo maana nasema huu muziki sio mgeni kama unavyodhani. Na zile noti zenyewe haziko sawasawa, ya tatu na ya saba zinashushwa kidogo, zinakaa katikati ya furaha na huzuni hazijaamua, na gitaa la kuteleza linapenda kwenda kukaa pale pale katikati ambapo kinanda hakiwezi kufika.

Jozi nyingine ntazipitia chapchap. John Lee Hooker, "Boogie Chillen'", 1948, kordi moja tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho na mguu unagonga sakafu, halafu ZZ Top wa Texas, "La Grange", 1973. Wale wenye ndevu, ndio, ila hapo ndevu zilikuwa hazijafika kifuani. Sikiliza ule mwendo wa kuchechemea, huna haja ya maelezo. Ya pili ni "Stormy Monday" ya T-Bone Walker, 1947, halafu hiyohiyo kwenye konsati ya Fillmore, hii ni ya usiku sana, mtu asikusemeshe. Ya tatu Otis Redding, mwimbaji wa soul (muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi ya kanisani), "Hard to Handle", iliyotoka 1968 akiwa ameshafariki, halafu Black Crowes, vijana wa Georgia, kwenye albamu yao ya kwanza ya 1990. Jina la albamu yenyewe, "Shake Your Money Maker", ni wimbo wa Elmore James, mzee wa bluzi. Umeona wanavyoacha nyayo kila mahali, ukizifuata tu unafika kwa wazee.

Otis huyo alikulia Macon, na meneja wake, Phil Walden, ndo aliyekuja kuanzisha Capricorn Records hapohapo Macon, lebo iliyowatoa Allman. Mmoja wa wapiga drams wao wawili, Jaimoe, mtu mweusi wa Mississippi, alishazunguka na Otis kabla. Kwaiyo sio kwamba wazungu wa Kusini waliisikia soul redioni wakaiga, hapana, walikuwa kwenye mji uleule, studio zilezile. Duane mwenyewe kabla ya bendi alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa studio za FAME kule Muscle Shoals, Alabama, anawapigia waimbaji wa soul, na yeye ndo alimshawishi Wilson Pickett arekodi "Hey Jude" mwaka 1968. Sikiliza dakika ya mwisho ya ile rekodi, Pickett anapiga ukelele gitaa linapiga ukelele, kuna watu wanasema roki ya Kusini ilizaliwa pale na mi sina ubishi nao.

Walipokuwa hawana hela pale Macon kulikuwa na mgahawa wa akina mama wawili weusi, H&H, Mama Louise Hudson alikuwa anawapa sahani bila kulipa. Nakwambia hili kwa sababu kuna mtu atakuja kukuambia huu muziki ni wa bendera.

Bendera ndo tuiongelee. Baadhi ya hizi bendi, Skynyrd wakiwemo, zilipanda jukwaani na bendera ya majimbo yaliyopigana vita 1861 mpaka 1865 ili yabaki na utumwa. Ni kweli, na kama ni mtu mweusi unasikiliza ile kitu inakukaa vibaya kooni, mi inanikaa. Sijaacha kusikiliza ila sijifanyi sijaona. Na bendi ileile ndo ina wimbo wa mtoto anayeokota chupa za soda auze apate senti za kumpa mzee mmoja mweusi ampigie bluzi, mzee ambaye mtaa mzima unamuona hana maana, "The Ballad of Curtis Loew", upo kwenye albamu ileile ya 1974. Usikilize na utaamua mwenyewe, mi nimeshindwa kuamua.

Upande wa pili wa damu yao ni kantri, na hapa kuna jozi yenye miguu mitatu. Jimmie Rodgers wa Meridian, Mississippi, alirekodi "Blue Yodel" yake ya kwanza 1927, ni bluzi kabisa ile ila anaikatiza na sauti ya kuruka juu kama mchungaji wa ng'ombe. Santuri zake zikasafiri mpaka Kenya, Wakipsigis wakamsikia, na mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha", jina lenyewe ndo Jimmie Rodgers likishatafunwa na ulimi wa huko, kwenye wimbo amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Miaka 26 baadae, 1976, Skynyrd wanaupiga wimbo wa Rodgers kwenye albamu yao ya konsati, wanauita "T for Texas". Sikiliza zote tatu mfululizo, inachukua kama dakika kumi na tano, halafu uniambie muziki una pasipoti ya nchi gani.

Sasa magitaa mawili. Mtu wa dansi hapa anaanza na mtaji maana tushazoea solo, solo la pili na ridhimu, kila mmoja na njia yake na hawagongani. Allman walikuwa na Duane na Dickey Betts, na walichofanya ni kupiga mstari mmoja kwa sauti mbili, kama waimbaji wawili wa kwaya, mmoja ya kwanza mwingine ya pili. Weka "Jessica" ya 1973, Duane kashafariki, Betts kaiandika, hakuna anayeimba, mwanzo ule unafurahisha mpaka unatamani kufungua dirisha. Ukitaka upande wa giza, weka "Whipping Post" ya Fillmore, inajaza upande mzima wa santuri, dakika zaidi ya 22. Besi ya Oakley inaanza peke yake na kama mguu wako unapotea usijilaumu, pale mapigo ni kumi na moja: hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Ile tatu inayokosekana mwishoni ndo inakufanya ujihisi kama umekosa ngazi gizani. Gregg aliyeutunga alikuwa hajui kama ni kumi na moja, kaka yake ndo alimwambia. Na kinanda chake, Hammond, chenye spika inayozunguka ndani ya kabati, hicho ni cha kanisani moja kwa moja, usikitafutie asili nyingine.

Haya, gitaa. Kwanza kitu cha kutelezea. Mi nlianza na ujuaji, nikaona video ya kukata shingo ya chupa kwa uzi uliolowekwa spiriti, unawasha moto halafu unatumbukiza kwenye maji baridi. Chupa ilipasuka kweli, ila sio pale nlipotaka, na kidole gumba nikakishonesha nyuzi mbili. Usifanye. Tafuta kachupa ka dawa ka kioo kinene kanakoingia kidoleni bila kukatwa, au nenda kwa fundi pikipiki muombe soketi ndefu ya kufungulia plagi, isafishe grisi, ndo hiyo. Sio mzaha, Lowell George wa bendi ya Little Feat alikuwa anatelezea soketi ya spana miaka yote. Fundi bomba pia anaweza kukukatia kipande cha bomba kama sentimita sita akakipiga msasa kingo zisikukwangue, kidole kijaribu kabla hajakata. Vaa kwenye kidole cha pete kama Duane, mi navaa cha mwisho ili vingine vibaki huru.

Pili, tyuni. Duane alipenda kutyuni gitaa lote liwe kordi ya E, ila hiyo inavuta nyuzi juu na gitaa la bei rahisi linaweza kupinda shingo, kwaiyo wewe shusha, liwe D. Kutoka uzi mnene: ule wa E uteremshe mpaka D, A uache, D uache, G uteremshe mpaka F kali (F#), B mpaka A, na E nyembamba mpaka D. Ukipitisha kidole kwenye nyuzi zote wazi unasikia kordi nzima bila kubonyeza chochote. Hii ndo tyuni ambayo Elmore James kailizia "Dust My Broom" ya 1951.

Tatu, na hapa ndo wengi wanakosea: usibonyeze. Soketi inagusa nyuzi juujuu tu, zikigusa mbao umezidisha. Na iweke juu ya chuma cha freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa) chenyewe, sio nyuma yake kama ukishika kordi za kawaida, nyuma yake utakuwa chini ya noti na mbwa wa jirani watakujulisha. Kidole cha shahada kilaze nyuma ya soketi, kiguse nyuzi taratibu kuua mikwaruzo. Mkono wa kulia achana na piki, tumia vidole, ule uzi usioupiga uzime kwa kidole.

Sasa zile baa kumi na mbili: nyumbani ni nyuzi wazi au freti ya 12, kwa jirani ni freti ya 5, mbali ni freti ya 7. Wazi, tano, wazi, saba, tano, wazi. Nyimbo nusu ya hizi nlizokutajia unaweza kuzikokota kwa namba hizo tatu tu. Ukizizoea, anza kuingilia kutokea chini, telezesha kutoka freti ya 10 mpaka ya 12, ukifika tikisa mkono taratibu mbele na nyuma kidogo sana, noti itaanza kuimba. Wiki ya kwanza itakuwa kama paka kakanyagwa mkia, ya pili pia, mke wangu alikuwa anafunga mlango wa chumbani bila kusema neno. Kama wiki ya nne hivi kuna noti moja ilitoka, moja tu, nikasimama.

Baada ya hapo ndo urudi kwenye ile maarufu kuliko zote nliyokukataza mwanzoni, "Free Bird" ya Skynyrd ya 1973. Usikimbilie solo la mwisho. Sikiliza mwanzo, Gary Rossington anateleza taratibu juu ya kinanda, sasa unajua mkono wake uko wapi na kwa nini ile noti inatetemeka vile. Halafu fungua ile "Mkutano" tuliyoiweka akiba.

Na kama gitaa lako ni moja na linatumika na kazi nyingine, lirudishe tyuni ya kawaida usiku huohuo. Mi nlisahau Jumamosi moja, Jumapili nikaingia nalo kanisani, mwalimu wa kwaya kanipa ishara, nikashika kordi ya C kwa kujiamini kabisa.